Wito wa Mizizi: Kemikali za Mimea na Bakteria wa Udongo katika Nyanda za Juu Kusini

Soya, maharage, kunde na karanga hujipatia sehemu ya mbolea yake kutoka hewani, lakini kazi hiyo haifanywi na mimea yenyewe. Hufanywa na bakteria wa udongo waitwao rizobia, ambao huingia mizizini, hujengewa vinundu vya kuishi na kulishwa sukari, na kwa malipo huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Kabla ya hayo yote kuna hatua moja ambayo kwa muda mrefu haikujulikana: mmea huwaita bakteria hao, na huwaita kwa kemikali. Mizizi michanga hutoa udongoni viambata viitwavyo flavonoidi, na rizobia waliofikiwa na wito huo ndio wanaoanza safari ya kuingia mzizini. Katika mashamba ya Mbeya na Iringa, ambako udongo una ubaridi na mara nyingi una tindikali, wito huo hupungua nguvu. Hapo ndipo wazo la kuchanganya bakteria na kemikali ya wito, mbegu ikapakwa vyote viwili kabla ya kupandwa, linapopata uzito wake.

Hewa iliyo juu ya shamba lolote la Uyole au Mafinga ni naitrojeni kwa asilimia 78, na bado mahindi yaliyo chini yake hugeuka manjano kwa kuikosa. Chembe mbili za naitrojeni ya hewani zimeshikana kwa nguvu kubwa mno na mmea hauna namna ya kuzitenganisha. Viwanda vya mbolea huzitenganisha kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 za Selsiasi na kwa mgandamizo mkubwa, vikitumia gesi asilia. Urea inayopanda na malori kutoka bandari ya Dar es Salaam ni tunda la kazi hiyo. Rizobia hufanya kazi ileile katika joto la kawaida la udongo, kwa kimeng'enya chenye madini ya chuma na molibdenamu. Kimeng'enya hicho huharibiwa na oksijeni, hivyo ndani ya kinundu mmea hutengeneza protini nyekundu, ndugu ya ile iliyomo katika damu ya binadamu, ya kuidhibiti oksijeni hiyo. Kinundu kinachofanya kazi kikipasuliwa kwa ukucha huonekana cha waridi au chekundu. Kisichofanya kazi huwa cheupe, cha kijani au cha kahawia. Mkulima asiye na maabara hana kipimo cha haraka kuliko hicho: achimbue mche taratibu kwa jembe wakati wa kutoa maua, aoshe mizizi, apasue vinundu vichache.

Siri ya vinundu ilianza kufumbuliwa Ujerumani. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel alionyesha kwamba mikunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa vijidudu wa vinunduni, na mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akafaulu kuwakuza vijidudu hao nje ya mmea. Wafanyabiashara hawakusubiri. Kabla karne haijaisha, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walikuwa wamekwisha sajili bidhaa ya bakteria hao kwa jina la Nitragin, na tangu hapo mbolea hai za namna hiyo zikaenea Ulaya na Amerika. Kwa takriban miaka 90 watu waliuza na kununua bakteria bila kujua ni nini kinachowaamsha.

Jibu lilipatikana mwaka 1986. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, katika maabara ya Sharon Long, waligundua kwamba kiambata kinachoamsha rizobia wa alfalfa, jani maarufu la mifugo, ni flavonoidi iitwayo luteolini. Mwaka huohuo watafiti wa Australia walipata jambo kama hilo katika klova. Mwaka uliofuata ikafika zamu ya soya, ambayo kemikali zake za wito ni genisteini na daidzeini. Viambata hivi si vigeni mezani: genisteini imo katika soya yenyewe, ile inayosagwa kwa uji wa lishe.

Mzizi mchanga unapotoa flavonoidi, rizobia walio karibu huivuta ndani ya miili yao, na humo huwasha kundi la jeni ambazo vinginevyo zimelala. Jeni hizo zikiwaka, bakteria naye hutoa kemikali yake, ambayo muundo wake ulielezwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 1990. Kemikali hiyo ya jibu ikiufikia mzizi, unyweleo wa mzizi hujikunja na kumfumbata bakteria, njia nyembamba hufunguka kuelekea ndani, na chembe za mzizi huanza kugawanyika kujenga kinundu. Mambo yakienda sawa, vinundu huonekana kwa macho wiki mbili hadi tatu baada ya mbegu kuota. Wito na jibu vyote viwili lazima vilingane. Rizobia wa klova hawajibu wito wa soya, na wale wanaofaa kwa soya hawafai kwa maharage. Kosa la kununua pakiti ya soya na kuipaka kwenye maharage haliui mmea, ila fedha imepotea.

Baridi huharibu mazungumzo haya mapema. Soya ni zao la asili ya Asia linalopenda udongo wenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Katika miaka ya 1990, Donald Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada, walipima kinachotokea joto linaposhuka. Kila udongo unapopoa kwa nyuzi moja kati ya 25 na 17, soya huchelewa siku 2 hadi 3 kuanza kupata naitrojeni ya hewa. Chini ya nyuzi 17 ucheleweshaji huwa mkubwa zaidi, karibu wiki nzima kwa kila nyuzi. Walipochunguza sababu, waliona kwamba hatua zinazoumia zaidi ni zile za mwanzo kabisa: mzizi uliopoa hutoa genisteini kidogo, na bakteria waliopoa huwa wazito kuisikia. Wakajaribu jambo rahisi. Waliwalowesha bakteria katika genisteini kabla ya kuwapaka kwenye mbegu, ili wafike udongoni wakiwa tayari wameamshwa. Vinundu vikawahi kutokea, na katika mashamba ya Kanada yenye majira ya baridi ya mwanzo, mavuno yakaongezeka. Kiasi kilichotumika kilikuwa kidogo mno: genisteini ya miligramu 4 hadi 6 hivi kwa lita moja ya kimiminika cha bakteria. Pale udongo ulipokuwa na joto la kutosha, nyongeza hiyo haikuleta tofauti ya maana. Kutokana na kazi hiyo bidhaa ya kibiashara ilizaliwa, ikauzwa kwa wakulima wa soya wa Amerika ya Kaskazini.

Kanada na Mbeya zina mashaka yanayofanana kuliko ramani inavyoonyesha. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, Mbeya, kipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800. Mji wa Iringa unazidi mita 1,500. Mufindi hupanda hadi karibu mita 2,000. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na soya hupandwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Wastani wa joto la hewa jijini Mbeya katika miezi hiyo ni karibu nyuzi 18 au 19, ingawa udongo ulio wazi hupata joto zaidi mchana jua likiwaka. Kwa hesabu za McGill, udongo wa nyuzi 19 unamaanisha kuchelewa kwa wiki mbili au zaidi, na kwa soya inayokomaa kwa miezi minne wiki mbili si kitu kidogo. Katika muda huo mche huishi kwa akiba ya mbegu na kwa naitrojeni kidogo iliyomo udongoni. Wakulima wengi wa ukanda huu wanaijua hali hiyo kwa macho: soya huota vizuri, kisha husimama ikiwa na majani ya kijani hafifu kwa wiki kadhaa, halafu ghafla hukolea. Bonde la Usangu, au Kyela karibu na Ziwa Nyasa, ni habari nyingine. Huko joto lipo, na genisteini ya kuongeza ingekuwa gharama ya bure.

Baada ya baridi kuna tindikali. Mufindi na Rungwe ni nchi za chai, na chai hustawi kwenye udongo wenye tindikali ambao mikunde mingi huulalamikia. Sehemu kubwa ya Kilolo na Mufindi ina udongo mwekundu mkongwe uliooshwa na mvua kwa muda mrefu sana. Rungwe na Uporoto zina udongo wa majivu ya volkano, mchanga kwa umri na mwepesi kulimwa kwa jembe. Udongo wa aina zote mbili unaweza kuwa na tindikali, na katika tindikali kali madini ya alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, molibdenamu inayohitajiwa na rizobia hufungika, na mazungumzo ya kemikali kati ya mzizi na bakteria hufifia. Kundi la McGill lilirudi kwenye suala hili pia. Katika majaribio ya shambani yaliyochapishwa mwaka 2007, Mohammad Miransari na Donald Smith walionyesha kwamba bakteria waliotangulia kuloweshwa katika genisteini huhimili vyema zaidi udongo wenye tindikali na wenye chumvi. Wito ulioongezwa hauondoi tindikali, ila huwavusha bakteria katika siku zile za kwanza ambazo ndizo ngumu zaidi.

Maharage yana kisa tofauti, na kwa kaya nyingi za Mbeya na Iringa ndiyo yenye maana zaidi, kwani hulimwa karibu kila kijiji, mara nyingi katikati ya mahindi. Maharage ni dhaifu katika kujipatia naitrojeni. Soya hupata zaidi ya nusu ya naitrojeni yake kutoka hewani, ilhali maharage kwa wastani hupata kiasi cha asilimia 40 tu, na katika shamba lililochoka hushuka zaidi. Tatizo si uhaba wa bakteria. Udongo wa Afrika Mashariki umejaa rizobia wenyeji wanaokubalika na maharage, ila wengi wao hula sukari ya mmea na kurudisha naitrojeni kidogo. Bakteria bora wanaoletwa kwenye pakiti, kama ile aina maarufu ya CIAT 899 iliyopatikana Kolombia na kutumika Brazili na kwingineko, hukuta nafasi za vinundu zimekwisha kushikwa na wenyeji. Ndiyo sababu majaribio ya mbolea hai kwenye maharage huleta matokeo ya kupanda na kushuka: shamba hili yamefaa, la jirani hayakuonyesha chochote.

Katika mashindano hayo flavonoidi inaweza kuwa na kazi nyingine, ya kuwapa bakteria wa kwenye mbegu mwanzo wa mapema. Maharage yenyewe yameonyesha njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mbrazili Mariangela Hungria, akifanya kazi na Donald Phillips huko California, aligundua kwamba mbegu ya maharage inapoanza kunyonya maji hutoa kemikali za wito kutoka kwenye ganda lake, na kwamba miongoni mwa kemikali hizo zimo antosianini, yaani rangi zilezile zinazolifanya ganda liwe jeusi. Mbegu nyeusi zilitoa wito mwingi kuliko mbegu nyeupe za asili moja. Uyole imetoa aina nyingi za maharage tangu miaka ya 1980, kuanzia Uyole 84 hadi Uyole 96 na Njano Uyole, na katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya rangi ya ganda ndiyo inayopanga bei kwa sababu ya mapishi na mazoea ya mlaji. Wazalishaji wa mbegu wana haki ya kumfuata mlaji. Lakini itakuwa vizuri wakikumbuka kwamba ganda lina kazi pia kabla halijafika chunguni.

Afrika Mashariki si ngeni katika mambo haya. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kiliwahi kutengeneza mbolea hai ya soya iliyoitwa Nitrosua, ambayo haikudumu sokoni. Kenya ilikwenda mbele zaidi: kampuni ya MEA ya Nakuru huzalisha Biofix kwa ujuzi uliotoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimekuwa na kituo cha utafiti wa rizobia pale Kabete tangu miaka ya 1970. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi kwa ufadhili wa mfuko wa Bill na Melinda Gates, ulianza mwaka 2009 na kuiingiza Tanzania miongoni mwa nchi zake kuu katika awamu ya pili iliyoanza mwaka 2014. Wakati huo soya ilikuwa imeanza kupata wanunuzi wa uhakika zaidi, hasa watengenezaji wa chakula cha kuku, na mwaka 2020 China ikafungua mlango kwa soya ya Tanzania.

Upande wa kemikali za wito, jina la Mtanzania linalotajwa katika vitabu vya fani hii ni la Patrick Ndakidemi, profesa aliyefundisha katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela mjini Arusha. Mwaka 2003 yeye na Felix Dakora, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, walichapisha mapitio marefu kuhusu flavonoidi za mbegu za mikunde, wakieleza jinsi zinavyowaita bakteria rafiki na papo hapo kuukinga mche dhidi ya wadudu na magonjwa. Miaka mitatu baadaye walichapisha pamoja na wenzao matokeo ya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wa Kaskazini mwa Tanzania. Maharage na soya zilizopakwa rizobia ziliongeza mavuno, na faida ilikuwa kubwa zaidi pale rizobia walipotumiwa pamoja na fosforasi.

Jambo hilo la fosforasi linastahili kusemwa kwa sauti katika Nyanda za Juu Kusini, maana ndilo linaloweza kuifanya teknolojia hii yote ionekane ya uongo. Kugeuza naitrojeni ya hewa hula nguvu nyingi, na nguvu katika chembe hai husafirishwa kwa fosforasi. Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe na Uporoto huikamata fosforasi kwa ukali, kiasi kwamba mbolea iliyowekwa hubaki pale pale ilipo huku mzizi ukiikosa. Udongo mwekundu wa Iringa nao haujambo katika tabia hiyo. Mkulima akipaka mbegu bakteria bora kabisa na genisteini juu yake, kisha akapanda bila fosforasi, atapata vinundu vidogo vidogo na mavuno yaleyale. Kwa bahati nzuri dawa yake imo nchini. Mawe ya fosfeti ya Minjingu, kutoka mkoani Manyara, huyeyuka vyema zaidi katika udongo wenye tindikali kuliko katika ule usio nayo, yaani udongo unaotesa mikunde ndio unaoyasaidia mawe hayo kufanya kazi. Chokaa ya kupunguza tindikali haiko mbali: Songwe, nje kidogo ya jiji la Mbeya, kuna mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa Agosti 2022 katika maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ililenga kwanza mbolea za viwandani. Mkulima wa soya anayeitumia atapata thamani kubwa zaidi kwenye mbolea ya kupandia yenye fosforasi kuliko kwenye urea. Tena urea nyingi humdhuru kwa namna nyingine. Mmea ukikuta naitrojeni tele udongoni huacha kuita bakteria, na vinundu havijengwi.

Mpangilio wa mambo basi ni huu: fosforasi na tindikali kwanza, bakteria sahihi walio hai baadaye, kemikali ya wito mwisho. Bidhaa ya flavonoidi iliyoletwa kwenye shamba lisilotimiza hayo mawili ya kwanza ni anasa. Lakini kwenye shamba lililotimiza, hasa la soya katika vijiji vya juu ambako mche husimama wiki kadhaa ukisubiri, ni nyongeza yenye hoja. Gharama yake pia si ya kutisha, kwa kuwa kinachotumika ni miligramu chache na genisteini inaweza kutolewa kwenye soya, zao ambalo tayari lipo. Ukanda huu hauhitaji kufundishwa kwamba kemikali ya mmea inaweza kuwa biashara. Maua ya pareto yanayovunwa Umalila, Ileje na Makete yamekuwa yakipelekwa kiwandani Mafinga kukamuliwa dawa ya wadudu kwa miongo mingi.

Kazi yenyewe ya kupaka mbegu ni ya dakika chache, ila ina masharti. Bakteria huja katika unga mweusi wa mboji, na kipimo cha kawaida kwa bidhaa nyingi ni gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu. Mbegu huloweshwa kidogo kwa maji yenye sukari au gundi, unga ukanyunyizwa na kugeuzwa mpaka kila punje ipate vumbi jeusi, kisha zikaachwa kivulini zikauke na kupandwa siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Jua la saa moja linaua bakteria wengi. Dawa za ukungu zinazotiwa kwenye mbegu, hasa zenye shaba, huwaua pia, na hapa ndipo wakulima wengi hukwama, kwa sababu mbegu nyingi zilizothibitishwa huja zimetiwa dawa tayari. Kisha kuna safari na rafu ya duka la pembejeo. Pakiti iliyotoka Nakuru ikapitia Namanga, Arusha na Dodoma ndani ya buti ya basi, halafu ikakaa miezi chini ya bati, inaweza kufika Mbozi ikiwa na maiti tupu. Flavonoidi ni imara kuliko bakteria na haifi njiani, lakini haina wa kumwamsha ndani ya pakiti iliyokufa. Tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa kwenye pakiti ya mbolea hai si urembo.

Njia nyingine ya kukwepa pakiti ni kubadili mmea badala ya bakteria. Mwishoni mwa miaka ya 1970, taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilianza kuzalisha aina za soya zinazokubali bakteria wenyeji wa Afrika, na herufi TGx zinazotangulia majina ya aina hizo zimejulikana kote barani. Zambia, jirani wa upande wa pili wa mpaka wa Tunduma, ilikuwa na aina yake ya Magoye yenye tabia hiyo. Soya za namna hii huota vinundu bila kupakwa chochote, jambo lililowafaa wakulima wasio na duka karibu. Hata hivyo majaribio mengi yameonyesha kwamba nazo huongeza mavuno zikipewa bakteria bora, kwa sababu kukubali wenyeji si sawa na kupata wenyeji wenye bidii.

Swali ambalo mkulima wa Iringa au Mbeya huuliza mara moja ni la mahindi. Mahindi hayajengi vinundu. Lakini hayaishi peke yake udongoni: sehemu ya sukari inayotengenezwa na majani hutoka kupitia mizizi, ikiwa imechanganyika na viambata vingine, na bakteria wengi hujikusanya kuzunguka mizizi hiyo. Katika miaka ya 1970, Johanna Döbereiner nchini Brazili alitangaza umuhimu wa bakteria aina ya Azospirillum, ambao huishi kwenye mizizi ya nafaka, hutoa naitrojeni kidogo na kuchochea mizizi kutanuka. Leo bidhaa zake zinatumika sana Amerika ya Kusini. Juhudi za kuziunganisha nafaka na kemikali za wito zinaendelea. Flavonoidi iitwayo naringenini imeonekana kuwasaidia bakteria fulani kuingia katika mizizi ya ngano. Mwaka 2022 kundi la Eduardo Blumwald katika Chuo Kikuu cha California, Davis, lilieleza mpunga uliohaririwa jeni ili utoe apigenini kwa wingi, nayo ikawafanya bakteria wa udongo watengeneze utando unaowakinga na oksijeni na hivyo kuweza kugeuza naitrojeni. Hayo bado ni mambo ya maabara.

Kilicho karibu zaidi na shamba la Mbeya ni utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu mahindi yaliyopandwa pamoja na maharage mapana, jamii tofauti na maharage ya kwetu. Vitu vinavyotoka kwenye mizizi ya mahindi viliufanya mzizi wa mkunde huo utengeneze flavonoidi zaidi na kujenga vinundu vingi zaidi. Mahindi, kwa maneno mengine, yaliusukuma mkunde uite kwa nguvu. Kilimo cha mchanganyiko kimekuwa desturi ya Nyanda za Juu Kusini tangu kabla ya bwana shamba yeyote, na kwa miaka mingi wataalamu walikishusha hadhi kwa sababu hakifuati mistari. Mistari ina faida zake, lakini hapo wataalamu walifanya haraka.

Wito wa kemikali haufiki kwa marafiki pekee. Mizizi ya nafaka inapokosa fosforasi hutoa viambata vingine, strigolaktoni, kuwaita kuvu wanaosaidia kuitafuta. Mbegu za kiduha, gugu lenye maua mazuri linalonyonya mahindi na mpunga, hukaa udongoni miaka mingi zikingoja viambata hivyohivyo ndipo ziote. Wakulima wa mpunga wa Kyela wanalijua vizuri. Ardhi ikichoka wito huongezeka, na kiduha nacho huongezeka. Ndiyo sababu watafiti wanaochanganya kemikali za mimea na bakteria hulazimika kujua nani mwingine anasikiliza, na ndiyo sababu flavonoidi, zinazowaamsha bakteria mahsusi, ni salama kuliko kumwaga tu udongoni maji ya mizizi au ya majani yaliyochemshwa.

Naitrojeni inayopatikana kwa soya haibaki yote shambani kwa ajili ya mahindi ya msimu unaofuata. Sehemu yake kubwa huhamia kwenye punje na kuondoka na gunia. Kinachobaki ni kilichomo kwenye majani yaliyodondoka kabla ya kuvuna, kwenye mashina na kwenye mizizi, na hicho ndicho mahindi yatakayopandwa hapo Desemba nyingine yatakachokikuta. Mkulima anayeng'oa soya nzima na kwenda kuipigia nyumbani huacha majani yaliyokwisha anguka tu. Anayekata mashina kwa mundu, akarudisha makapi shambani baada ya kupiga, huacha mizizi na vinundu vyake vioze mahali vilipokuwa.